Tumbaku na Pombe Katika Nchi ya Ankole: Zilivyokutana Kinywani

Mwezi wa Novemba 1861, John Hanning Speke, Mwingereza aliyekuwa akitafuta chimbuko la mto Nili, na ambaye hakufika Karagwe ila kwa kufuata njia walizokwisha kuzikanyaga wafanya biashara wa Kiarabu na wa Kiswahili kutoka Pwani, alikaribishwa barazani kwa Mfalme Rumanika, akamkuta ameketi pamoja na nduguye Nnanaji, na ubavuni mwao vimewekwa viko vikubwa vya udongo mweusi. Karagwe, iliyo katika Tanzania ya leo, yapakana na Ankole, iliyo kusini-magharibi mwa Uganda, mto Kagera ukiwa baina yao, na watu wa pande zote mbili walifanana kwa mila nyingi. Basi alichokiona mgeni yule kilikuwa ni ada ya eneo zima ambalo leo ndani yake umo mji wa Mbarara na yamo makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Tumbaku, ambayo asili yake ni bara la Amerika, na ambayo haikujulikana katika Afrika kabla Wareno hawajaanza kuvuka bahari ya Atlantiki, ilikuwa imekwisha kusahau ugeni wake.

Katika Ankole ya zamani kiko hakikuwa cha wanaume peke yao. Mwanamke aliyekwisha kuzaa na kulea, akawa na wajukuu, aliweza kuketi mlangoni na kiko chake, wala hapakuwa na aliyemwona vibaya. Jani lilipandwa nyuma ya nyumba, likaanikwa kivulini, likatunzwa; na kwa kuwa lilitoka katika shamba la mtu mwenyewe, kiasi cha kuvuta kilipimwa na kiasi cha kuvuna.

Pombe nayo ilikuwa na mpaka wake. Wakulima waliipika kwa ulezi na mtama, na kadiri migomba ilivyozidi kuenea katika karne ya ishirini, kwa ndizi. Wafugaji, ambao chakula chao kilikuwa maziwa, waliipata kwa wakulima hao. Kuipika pombe ya ndizi, ile iitwayo tonto, si kazi ya saa moja. Ndizi mbivu zamenywa, zatiwa katika gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi, majani makavu yachanganywa nazo, na mwanamume mwenye miguu iliyooshwa aingia ndani na kuzikanyaga, akishika mti asiteleze, mpaka maji matamu yajitenge na makapi. Hapo yachujwa, yaongezwa maji, yatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yafunikwa kwa majani ya mgomba, na kuachwa usiku mmoja au miwili yachemke yenyewe. Kinywaji hicho hakikai: siku chache baadaye chageuka siki. Kwa hiyo kilinywewa na wengi kwa pamoja, penye arusi, matanga au kazi ya ujima, kikaisha, watu wakarudi mashambani. Simaanishi kwamba walevi hawakuwako, walikuwako. Lakini namna ya utengenezaji wenyewe ilimnyima mtu mmoja uwezo wa kunywa kikali, peke yake, kila siku ya Mungu.

Mpaka huo ulibomolewa kidogo kidogo, na kwa pande mbili. Kwa upande wa tumbaku, mwaka 1928 kampuni ya British American Tobacco iliingia Uganda, kiwanda kikasimama Jinja, na sigara, ambayo haihitaji shamba wala kiko wala subira, ikasambaa kwa barabara hata vibanda vya vijijini, mahali ambapo asiye na thamani ya pakiti aliuziwa moja moja. Kwa upande wa pombe, dola za Ulaya zilikuwa zimekubaliana mjini Brussels, mwaka 1890, kuzuia vileo vikali visiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara. Walakini ufundi wa kukeneka pombe ulikuwa tayari mikononi mwa watu, na askari wa Kinubi walioletwa na Lugard, kamanda wa Kiingereza, mwaka 1891, pamoja na jamaa zao, ni miongoni mwa waliojulikana sana kwa ufundi huo. Pipa juu ya moto, bomba la shaba lililopitishwa majini, chupa inayopokea matone: tonto ile ile iliyokuwa ikioza kwa siku chache ikawa sasa waragi isiyooza kamwe, nyepesi kubebwa, na kali mara nyingi zaidi. Mwaka 1965 serikali ya Uganda huru ilitunga sheria ya enguli, yaani waragi hiyo ya kienyeji, ikamtaka kila mkenekaji awe na leseni na auze mali yake kwa kiwanda ili isafishwe. Lakini mapipa ya msituni hayakuzimika. Baadaye viwanda vyenyewe vikaitia pombe kali katika vifuko vidogo vya plastiki, ambavyo kijana aliweza kununua kimoja kwa bei ya andazi na kukificha mfukoni, na vifuko hivyo havikupigwa marufuku hadi 2019.

Hapa ndipo ilipo asili ya msiba ninaotaka kuueleza. Kwamba tumbaku huleta saratani ya kinywa ni jambo lililoanza kusemwa zamani: tabibu wa Kijerumani Samuel Thomas von Sömmerring aliandika mwaka 1795 kwamba saratani ya mdomo huwapata zaidi wavutao kiko. Lakini jambo zito zaidi, nalo ni kwamba tumbaku na pombe zikikutana hudhuru kuliko jumla ya madhara ya kila moja, lilidhihirika baadaye sana, kwa uchunguzi wa Rothman na Keller uliochapishwa 1972, kisha kwa ule wa Blot na wenziwe wa 1988 katika Marekani, uliokuta kwamba mtu avutaye pakiti mbili au zaidi kwa siku na kunywa vileo zaidi ya vinne kwa siku hatari yake ni zaidi ya mara 35 ya yule asiyevuta wala kunywa. Sababu yake yaeleweka. Sumu za tumbaku hujeruhi vinasaba vya chembe za mwili. Pombe hulainisha ngozi nyororo ya kinywa na kuzifungulia sumu hizo njia ya kupenya. Na vijidudu vilivyomo kinywani huigeuza pombe yenyewe kuwa asetaldehidi, ambayo nayo ni sumu ya kuzalisha saratani. Bibi mwenye kiko hakuwa salama, wala mnywaji wa tonto. Ila maisha ya zamani hayakuwa na desturi ya kuvikutanisha vitu hivi viwili, vikali na vingi, katika kinywa kimoja, asubuhi hata usiku.

Nakivale ni mahali ambapo mkutano huo unaonekana waziwazi. Makazi hayo, yaliyo katika wilaya ya Isingiro, yapata kilomita 60 kutoka Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, yalianzishwa 1958 na kutambuliwa rasmi 1960, yakawapokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Mwaka 1982 Wanyarwanda waliofukuzwa vijijini katika Ankole walisukumwa humo kwa nguvu. Baada ya 1994 wengi wa wale wa kwanza walirejea kwao na wengine wapya wakaingia. Wakafuata Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, hata Kiswahili kikawa lugha ya soko. Waliotoka nchi za migomba walikuja na vinywaji vyao: Mnyarwanda na urwagwa, Mrundi na urwarwa, Mkongo wa Kivu na kasiksi, vyote vikiwa ni ndugu wa tonto. Lakini aliyepoteza migomba yake, aliyegawiwa kiwanja cha kupanda mahindi na maharagwe, akangoja miaka bila kujua atarudi lini, huyo hana arusi za kutosha wala ujima wa kumpangia siku ya kunywa. Hunywa kilichopo, na kilichopo ni waragi. Simlaumu, nasema tu kwamba ugenini ada hupoteza vizuizi vyake kabla ya kupoteza ladha yake.

Vizuizi vingine vililetwa na dini. Waislamu wa Mbarara na wa Nakivale walishika haramu ya khamri, ingawa tumbaku haikukatazwa kwa ukali ule. Na Balokole, waliotokana na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Kigezi na Ankole, waliziacha zote mbili kwa pamoja, wakavunja na viko. Nadhani hapana tabibu aliyefanya katika nchi hii kazi kubwa kuliko hiyo dhidi ya saratani ya kinywa, ijapokuwa wahubiri wale hawakuwa na habari nayo. Sheria ya tumbaku ya 2015 ilikuja nyuma yao, ikazuia kuwauzia walio chini ya miaka 21, ikapiga marufuku shisha na ile tumbaku ya kuwekwa mdomoni iitwayo kuber, iliyokuwa imewanasa vijana wengi.

Maradhi haya huchukua miaka mingi kukomaa, kwa hiyo wagonjwa wa leo wanalipa deni la ujana wao. Huanza pasipo maumivu: doa jeupe lisilofutika kwa kitambaa, au jekundu kama mahameli, pembeni mwa ulimi au chini yake; kisha kidonda kisichopona kwa majuma matatu; kisha jino lalegea, na mgonjwa huenda kung'olewa jino akidhani ndilo lenye kosa. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi katika Uganda, iliyokuwa katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, iliharibika, na mpaka mwanzo wa 2018, mpya ilipoanza kazi, mtu wa Nakivale aliyekwisha kusafiri hadi Mbarara, na kutoka huko kilomita zipatazo 270 hadi Kampala, hakuyakuta matibabu aliyoyafuata. Mashine ipo sasa, lakini safari ni ile ile, na wengi huianza ilhali uvimbe umekwisha kushuka shingoni. Muuguzi mwenye tochi, kipande cha kitambaa cha kuushikia ulimi, na dakika mbili za kutazama chini yake na pande zake zote mbili, angeweza kuwapata mapema wengi wao. Na kazi hiyo yaweza kuanza katika sehemu za Nakivale ziitwazo Juru, Rubondo na Base Camp, kwa kila mzee avutaye na kunywa, siku yoyote atakayokuja kutibiwa homa.