Majengo ya kifalme ya Hyderabad: Yapo yanayong'ara, yapo yanayoporomoka

MJI wa Hyderabad, kusini mwa India, ulianzishwa mwaka wa 1591 na Sultani Muhammad Quli Qutb Shah. Hivi leo ni makao makuu ya jimbo la Telangana na kitovu cha kampuni kubwa za kompyuta. Hata hivyo, mji mkongwe ulio kusini mwa mto Musi ungali unatambulikana kwa majengo ya enzi mbili za kifalme: ya masultani wa Qutb Shahi, iliyokoma mwaka wa 1687, na ya watawala walioitwa Nizam, iliyodumu tangu 1724 hadi 1948.

Kabla ya mji huo kujengwa, masultani waliishi katika ngome ya Golconda iliyo magharibi yake, juu ya kilima cha mwamba. Mtu akipiga makofi chini ya kuba la lango liitwalo Fateh Darwaza, sauti husikika hadi kileleni, na yasemekana walinzi waliitumia hila hiyo kuonya juu ya wageni. Golconda ilipata sifa duniani kwa almasi, ingawa migodi yenyewe ilikuwa mbali, karibu na mto Krishna. Ngomeni palikuwa soko. Aurangzeb, mfalme wa Mughal, aliizingira kwa miezi minane mwaka wa 1687 kabla ya kuiteka, na inasimuliwa kwamba aliingia kwa kufunguliwa lango na msaliti aliyekuwa ndani.

Karibu na ngome hiyo yapo makaburi ya masultani, yenye makuba makubwa yaliyokuwa yakibomoka kwa miaka mingi. Shirika la utamaduni la Aga Khan, ambaye jina lake ni maarufu Afrika Mashariki kwa shule na hospitali, lilianza kuyakarabati mwaka wa 2013 na kukamilisha kazi hiyo mwaka wa 2024.

Nembo ya mji ni Charminar, yaani minara minne. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulitambua neno mnara humo. Jengo hilo lina matao manne yanayoelekea pande nne za dunia, na orofani mna msikiti. Masimulizi ya wenyeji yasema lilijengwa kumshukuru Mungu baada ya tauni kwisha. Wapo pia wanaolihusisha na kutimia kwa mwaka wa 1000 wa Hijria, na tarehe zinaafikiana na maelezo hayo. Mei 2019, kipande cha nakshi za chokaa kilibanduka kutoka mnara mmoja na kuanguka.

Hatua chache kutoka hapo pana msikiti wa Makkah Masjid. Ulianzwa na masultani mapema katika karne ya 17, ukamalizwa mwaka wa 1694 na Aurangzeb, yule yule aliyewang'oa. Baadhi ya watawala wa Nizam wamezikwa uani mwake.

Nizam wa saba na wa mwisho, Mir Osman Ali Khan, alitawala tangu 1911 hadi jeshi la India lilipouteka ufalme wake Septemba 1948. Jarida la Time lilimtaja mwaka wa 1937 kuwa tajiri mkubwa kuliko wote duniani, na yasimuliwa kuwa alikandamizia karatasi zake kwa almasi. Jeshi la ukoo wake lilikuwa na kikosi cha wapanda farasi wenye asili ya Afrika. Kikosi hicho kilivunjwa baada ya ufalme kuanguka, lakini mtaa waliokaa askari hao ungali unaitwa AC Guards, na wazao wao wapo. Mtaa mwingine, Barkas, ni wa wazao wa askari kutoka Hadhramaut, nchi hiyo hiyo walikotoka mababu wa familia nyingi za Mombasa na Lamu.

Nizam huyo alipofariki mwaka wa 1967, mrithi wake alikuwa mjukuu, Mukarram Jah, aliyehamia Australia kufuga kondoo. Majumba yakabaki bila mwenyewe. Chowmahalla, jumba la kupokelea wageni lililoanza kujengwa mwaka wa 1750, lilimegwa ardhi na kuachiwa vumbi hadi mtalaka wake, Bi Esra, aliposimamia ukarabati. Lilifunguliwa kwa umma mwaka wa 2005. Falaknuma, lililoanza kujengwa mwaka wa 1884 juu ya kilima na ambalo jina lake limebeba neno falaki, lina meza ya chakula ya wageni 101. Tangu mwaka wa 2010 ni hoteli ya kifahari. Mukarram Jah mwenyewe alirejeshwa Januari 2023 akiwa maiti, akazikwa Makkah Masjid.

Bahati hiyo haikulifikia jengo ambalo maskini wa mji walilihitaji zaidi. Septemba 1908 mto Musi ulifurika na kuua maelfu ya watu. Miongoni mwa yaliyojengwa baadaye ni mabwawa mawili ya kuzuia mafuriko na, katika miaka ya 1920, hospitali ya Osmania kando ya mto huo, iliyochorwa na Mwingereza Vincent Esch kwa makuba ya Kihindi. Kwa karibu karne moja ilitibu watu wasio na uwezo.

Paa zilianza kuvuja na plasta kudondoka. Mwaka wa 2015 serikali ya jimbo ilitaka kulibomoa, watetezi wa majengo ya kale wakapinga, na pande zote mbili zikaishia mahakamani huku ukarabati ukikwama. Julai 2020 maji ya mvua yaliingia wodini, wagonjwa wakahamishwa na jengo hilo kongwe likafungwa. Januari 2025 waziri mkuu wa jimbo aliweka jiwe la msingi la hospitali mpya katika eneo la Goshamahal, iliyokusudiwa kuwa na vitanda 2,000.