Homa ya Uti wa Mgongo: Nasaba za Bakteria na Ukali wa Maradhi

Maradhi haya, ambayo huvimbisha utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, hayawi na ukali mmoja kwa kila aliyepatwa nayo, kwani mbali na umri na siha ya mgonjwa, nasaba ya bakteria aliyemwingia nayo ina hukumu yake.

Katika mtaa wenye msongamano kama Kariakoo, ambako wachuuzi na wateja huvuta hewa moja tangu alfajiri, wengi hubeba numokokasi, mmoja wa bakteria waletao maradhi haya, kooni pasipo madhara. Lakini bakteria huyo ana namna zaidi ya tisini, kila moja na kanzu yake ya sukari, na ile ya namna ya 3, kwa unene wake, huwazuia askari wa damu wasimmeze, ilhali namna ya 1 hupenya upesi hata kuzusha milipuko. Tabibu akichoma sindano kiunoni, maji ya uti wa mgongo, ambayo kwa kawaida ni maangavu, hutoka yakiwa na ukungu, ila nasaba haijulikani kwa macho. Ni kazi ya maabara.

Tanzania ilianza chanjo ya Hib, bakteria mwingine aletaye maradhi haya, mwaka 2009, na ya numokokasi 2013, ambayo hukinga namna 13 tu.

Kwa meningokokasi, naye bakteria wa maradhi haya, kundi W liliwashambulia mahujaji mwaka 2000, wengi wao wakiwa wamekingwa dhidi ya A na C pekee. Ndiyo maana hujaji wa leo hudaiwa chanjo ya A, C, W na Y.