Moto na mizani: namna Lavoisier alivyofahamu kuungua

Mtu akiwasha mshumaa anaona mageuzi mawili pamoja. Nta inayeyuka, kisha ikipoa inaganda tena: ingali nta ileile, umbo lake tu limegeuka. Lakini nta inayopanda katika utambi na kuungua, hairudi tena. Je, imepotea? Ao imegeuka kitu kingine? Wenye elimu wa Ulaya walibishana sana juu ya neno hili.

Mganga Mdachi Stahl, aliyekufa mwaka wa 1734, alifundisha kwamba ndani ya kila kitu kiwezacho kuungua mna asili ya moto, akaiita flojistiki. Kuni zikiungua zinaitoa, na majivu yanabaki. Wengi waliamini, kwa maana majivu ni mepesi kupita kuni. Lakini bati likichomwa sana linageuka unga, na unga ule ni mzito kupita bati lenyewe. Namna gani kitu kitoe sehemu yake, kisha kizidi uzito?

Mfaransa Lavoisier aliuliza mizani. Mwaka wa 1774 alitia bati katika chupa, akaiziba kabisa, akaipima, akaichoma, akaipima tena: uzito uleule. Basi moto haukupenyeza kitu katika kioo. Alipofungua chupa, hewa ya inje iliingia kwa nguvu, na uzito ukaongezeka. Bati lilikuwa limekamata sehemu ya hewa iliyokuwa ndani. Mwaka ule, mwezi wa kumi, Mwingereza Priestley alimweleza, wakila pamoja huko Paris, juu ya hewa ambamo mshumaa unawaka sana kuliko desturi. Ndiyo hewa ambayo Lavoisier aliiita baadaye oksijene.

Ukweli haukuwashinda wote mara moja. Priestley alishika fundisho la flojistiki mpaka kufa kwake, mwaka wa 1804. Lavoisier alikatwa kichwa siku ya 8 Mei 1794, pamoja na watoza kodi wenzake wa zamani za mfalme. Lakini mizani yake haikupingwa tena.

Basi kuungua si kugeuka umbo tu, ni kugeuka asili. Kilo 12 za karboni safi zikiungua kabisa zinaungana na kilo 32 za oksijene, na kunatoka kilo 44 za gazi karboniki. Hakuna kilichopotea.

Haya si maneno ya darasani tu. Kila makala yanayowaka yanakula hewa na kuzaa hewa mpya. Katika nyumba iliyofungwa, oksijene ikipunguka, mbabula inazidi kutoa oksidi ya karboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua watu usingizini. Mwenye kufikiri kwamba moto unatoa joto tu hawezi kuogopa kitu asichokiona. Katekista aliyefahamu mizani ya Lavoisier anaweza kuwaambia watu wake wakati wa baridi: mbabula ilale inje. Tena atawaeleza kwa sababu gani.