Faragha na Usiri: Mwenye Haki ni Nani, Mwenye Wajibu ni Nani?

Mama mjamzito ambaye ni kiziwi anafika kliniki akiwa na wifi yake. Muuguzi hajui lugha ya alama, kwa hiyo maswali yote yanapitia kwa wifi: tarehe ya hedhi ya mwisho, mimba zilizotangulia, majibu ya kipimo cha virusi vya Ukimwi. Muuguzi ni mwadilifu. Hatamsimulia mtu alichokisikia, na faili litafungiwa kabatini. Ukimuuliza kama kituo chake kinatunza siri za wagonjwa, atajibu kwamba kinatunza, wala hatakuwa amedanganya. Hata hivyo, mama yule ametoka pale bila uwezo aliokuja nao: kuamua ni nani katika ukoo wa mumewe ajue habari za mwili wake.

Kilichotunzwa pale ni usiri. Kilichopotea ni faragha. Katika fomu, sera na mikataba ya huduma kwa watu wenye ulemavu, maneno haya mawili huandikwa kana kwamba ni pacha, lolote likisimama mahali pa mwenzake. Hasara ya mazoea hayo humwangukia anayehudumiwa, kwa sababu kituo kinaweza kutimiza wajibu wa usiri kwa ukamilifu huku kikivunja haki ya faragha kila siku.

Maneno siri na faragha yote yametoka Kiarabu, ila mashina yake hayahusiani. Siri ni jambo lililofichwa. Faragha imetokana na shina lenye maana ya utupu, yaani nafasi isiyo na kitu wala shughuli. Ndiyo maana Kiswahili kinasema mtu amekwenda faragha, akimaanisha amejitenga na watu, na kwamba wawili wamezungumza faraghani, yaani kando, pasipo mwingine. Kwa hiyo siri inahusu habari, na faragha inahusu nafasi. Siri yaweza kukaa kwa watu watatu na bado ikaitwa siri, mradi kila mmoja amefunga mdomo. Faragha haivumilii hesabu hiyo. Akishaingia asiyealikwa, imekwisha, hata kama hatasema neno maisha yake yote.

Kutokana na siri tumepata nomino dhahania usiri, ambayo leo imekuwa istilahi ya wajibu wa kitaaluma. Daktari, wakili, mshauri nasaha na mkalimani wote wana kiapo au mwongozo unaowabana wasitoe nje walichokipata kazini. Kiingereza hutenganisha dhana hizi kwa maneno confidentiality na privacy. Kiswahili nacho kina vyombo vya kutosha: la kwanza ni usiri, la pili ni faragha. Tatizo halipo kwenye uhaba wa maneno. Lipo kwa mwandishi wa sera anayeyachanganya, na msomaji anayedhani amepewa yote mawili ilhali amepewa moja.

Sheria zenyewe zimeacha mlango wa mkanganyiko wazi kidogo. Katika Katiba ya Tanzania ya 1977, haki hii imo katika ibara ya 16, iliyoingia pamoja na haki nyingine kwa marekebisho ya 1984. Kichwa cha ibara kinataja faragha, lakini matini yake inazungumzia maisha binafsi, familia, maskani na mawasiliano. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 31, inampa kila mtu faragha, ikiwemo kutotakiwa kutoa, au kufichuliwa, habari za familia na mambo yake binafsi pasipo ulazima. Tuangalie neno hilo kutotakiwa. Kuuliza tu, bila sababu, tayari kwaweza kuwa kuivunja haki, hata kama jibu litafungwa kwa kufuli saba.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa 13 Desemba 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, umeitengea faragha ibara nzima, ya 22. Ibara hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza inakataza mtu kuingiliwa kiholela katika maisha yake, familia yake, nyumba yake na mawasiliano yake, bila kujali anaishi wapi na kwa mpangilio gani wa makazi. Kwa maneno hayo ya mwisho, bweni la shule maalumu limo, kituo cha malezi kimo, na chumba cha uani kwa kaka kimo pia. Sehemu ya pili inazitaka nchi zilinde taarifa binafsi, za afya na za utengamao za watu hao sawa na za watu wengine.

Sheria mpya za taarifa zimeipa nguvu sehemu ile ya pili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Zote mbili zinaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na zinataka zikusanywe kwa lengo linalojulikana, kwa kiasi kinachohitajika tu. Ni hatua kubwa. Lakini sheria za taarifa hulinda karatasi na kompyuta, na maisha ya mtu anayehitaji msaada kuoga, kuvaa au kwenda msalani hayaishii kwenye karatasi. Anayesoma sheria hizo peke yake ataujua usiri vizuri sana na kuiacha sehemu ya kwanza ya ibara ya 22 bila mtetezi.

Kuna neno la tatu linaloingia hapa kwa sura ya wema: stara. Mswahili anasitiri mwili, anamsitiri jirani aliyekwama, anaomba Mungu amsitiri. Ni tunu ya heshima, na msaidizi anayemfunika mtu kanga huku akimwogesha anafanya jambo jema. Ila stara huanza na dhana kwamba kuna aibu ya kufunikwa. Ndiyo maana imewahi kutumika kuhalalisha kumfungia ndani mtoto mwenye ulemavu, asionekane na wageni, kwa madai kwamba anasitiriwa. Huyo hajapewa faragha hata chembe. Faragha ni mtu mwenyewe kufunga mlango, na kuufungua anapotaka. Mlango ukifungwa na mwingine kutoka nje, ni kifungo.

Twende kwenye maisha ya kila siku, maana hapo ndipo tofauti inapoonekana kwa macho. Mteja asiyeona anafika kwa wakala wa fedha za simu na kuombwa aitaje namba yake ya siri ili asaidiwe kuibonyeza. Wakala anaweza kuwa mwaminifu kama dhahabu, lakini jina lenyewe la namba hiyo linatosha kuonyesha kwamba mpango umekosewa. Tiba yake si kuhimiza uaminifu wa wakala, ni kuwa na simu inayosoma maandishi kwa sauti kwenye kisikilizio, mwenye namba abonyeze mwenyewe. Vivyo hivyo katika uchaguzi. Ibara ya 29 ya Mkataba inalinda kura ya siri ya mtu mwenye ulemavu, na pale anapoomba, inamruhusu asaidiwe na mtu aliyemchagua yeye. Kifaa chenye nukta nundu kinachowekwa juu ya karatasi ya kura humwezesha asiyeona kupiga kura bila mtu wa pili. Na akihitaji mtu wa pili, kumchagua ni juu yake, wala si juu ya msimamizi wa kituo.

Orodha nazo zina mtego. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, huwapitisha walengwa mbele ya mkutano wa hadhara, na sababu yake inaeleweka: wanajamii wawaone, upendeleo uzuiwe. Uwazi huo unahitaji jina la kaya. Hauhitaji jina la ugonjwa. Mtendaji anayesoma jina kisha akaeleza mbele ya kijiji kwamba fulani ana kifafa amevuka mstari, na hakuna usiri wa kutunza tena, kwa kuwa kijiji kizima kimeshasikia.

Mahali pengine mstari huo ni suala la uhai. Watu wenye ualbino nchini Tanzania wameuawa na kukatwa viungo, na wimbi la matukio hayo lilitangazwa sana kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Kwa mtoto mwenye ualbino, orodha yenye jina, shule na kijiji ni hatari ikiangukia mkono mbaya. Picha yake ikibandikwa kwenye bango la kuombea michango, pamoja na jina la kituo anakolala, inafanya kazi ileile. Nia njema ya mpiga picha haibadilishi kitu.

Dhana inayoiunganisha faragha na huduma ni ridhaa. Hakuna huduma ya ulemavu isiyoingia katika nafasi ya mtu, kwa hiyo swali halihusu kama mhudumu ataingia. Linahusu nani amemkaribisha, kwa jambo gani na kwa muda gani. Ridhaa ya kweli hutolewa na mtu aliyeelezwa kwa njia anayoielewa, iwe lugha ya alama, maandishi ya nukta nundu au maneno mepesi na picha. Kwa mtu mwenye ulemavu wa akili, mazoea ni kumwendea mlezi, akasaini, shughuli ikaisha. Ibara ya 12 ya Mkataba imeyapinga mazoea hayo: mtu asaidiwe kuamua, asiamuliwe. Huenda asiweze kueleza masharti ya mkopo, lakini akajua vizuri kabisa ni nani hataki amwogeshe.

Faragha na usiri vina mipaka. Mtu akiwa hatarini kuuawa au kudhulumiwa, au mahakama ikitoa amri, usiri hulegezwa, na kituo makini humweleza mhudumiwa hilo tangu siku ya kwanza. Mhudumiwa naye ana wajibu: kutoa taarifa sahihi zinazogusa usalama wake, kumheshimu msaidizi, kutomrekodi kwa kificho, kutomtuma kazi zisizo za makubaliano. Msaidizi ana faragha yake pia, hasa anapolala nyumba moja na anayemhudumia. Ila wajibu huo si bei ya haki. Mhudumiwa mkaidi hapotezi haki ya kufungiwa mlango anapovuliwa nguo.

Hata majina tunayowaita wahudumiwa yanaonyesha nani anashika usukani. Mnufaika anasikika kama aliyepewa hisani, na mlengwa ni yule ambaye wengine wamemlenga. Mtumiaji wa huduma ni jina refu na halina utamu mdomoni, lakini angalau ndani yake kuna mtu anayetenda jambo.

Kigezo hicho cha nani anatenda kinaweza kutumika kukagua mkataba wowote wa huduma. Kifungu cha usiri kitakuwa hivi: sisi hatutatoa taarifa zako kwa asiyehusika. Mtendaji hapo ni kituo. Kifungu cha faragha kitakuwa hivi: wewe unaamua nani awepo unapohudumiwa, nani akutafsirie, na kipi kiulizwe, kipigwe picha au kiandikwe. Mtendaji hapo ni mtumiaji wa huduma. Mkataba unaojaa sentensi za aina ya kwanza, hata ukiitwa sera ya faragha kwa herufi kubwa, ni sera ya usiri, na anayetakiwa kuusaini ana haki ya kuuliza sentensi za aina ya pili ziko ukurasa gani.