Upasuaji wa nyonga utotoni: Ukiwahiwa, hudumu miongo minne

MTOTO anayechechemea tangu anapoanza kutembea si wa kusubiriwa akue. Wazazi wengi huambiwa kwamba ataacha mwenyewe, lakini iwapo nyonga imechomoka, kila mwezi unaopita huifanya kazi ya kuirekebisha kuwa ngumu zaidi.

Tatizo hilo hutokea pale kichwa cha mfupa wa paja kinaposhindwa kukaa sawasawa ndani ya kikombe cha nyonga. Huwapata zaidi wasichana, wazaliwa wa kwanza, watoto waliotanguliza makalio tumboni na wale ambao ndugu zao wamewahi kuwa nalo.

Kwa akina mama wa Musoma, Bunda na Butiama, kinga mojawapo imo katika khanga. Mtoto anayebebwa mgongoni hutanua mapaja na kukunja magoti, mkao unaokiweka kichwa cha mfupa ndani ya kikombe chake. Wataalamu wa mifupa waliofanya utafiti Malawi waliihusisha desturi hiyo, mwaka 2015, na uchache wa tatizo hilo nchini humo. Kumviringisha mtoto nguo huku miguu imenyooshwa na kubanwa huongeza hatari.

Hata hivyo, uchache huo una athari yake: mtoto mmoja mwenye tatizo hilo anaweza kupita kliniki mara kadhaa bila kugundulika.

Matibabu kwa umri

Kabla ya miezi sita, mikanda laini ya kuitanua miguu mara nyingi hutosha. Kati ya miezi sita na 18, daktari huirudisha nyonga mahali pake mtoto akiwa amelazwa usingizi, kisha humfunga plasta. Baada ya umri huo, upasuaji ndio hutegemewa zaidi.

Mmoja wa upasuaji huo ulibuniwa mwaka 1957 na Dk. Robert Salter wa Toronto, Canada. Mfupa hukatwa juu ya kikombe, kisha kikombe hugeuzwa ili kikifunike vizuri kichwa cha mfupa wa paja.

Ripoti ya mwaka 2007 ilichunguza nyonga 80 za wagonjwa waliopasuliwa kati ya 1958 na 1965, wakiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitano. Baada ya miaka 30, asilimia 99 ya nyonga hizo hazikuwa zimebadilishwa kwa nyonga za bandia. Baada ya miaka 40 zilikuwa asilimia 86, na baada ya miaka 45, asilimia 54.

Maana yake ni kwamba aliyepasuliwa mapema anaweza kulima, kuvua na kulea kwa nyonga yake mwenyewe hadi utu uzima. Lakini nyonga hiyo huweza kulika baadaye, hivyo huhitaji kupigwa picha za eksirei mara kwa mara hata maumivu yasipokuwepo.

Dalili za kuangalia

Mzazi aangalie mguu mmoja kuwa mfupi, mikunjo ya mapaja isiyolingana, au paja linalogoma kutanuka wakati wa kubadilisha nepi. Nyonga zote mbili zikichomoka, mtoto huyumba kama bata.

Kuchechemea kunakoanza ghafla pamoja na homa ni dharura, kwani huenda nyonga ina usaha. Selimundu, ugonjwa ulioenea Kanda ya Ziwa, nao huweza kukiharibu kichwa cha mfupa.

Safari ya matibabu huanzia zahanati ya karibu, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Musoma, na inapolazimu, Bugando jijini Mwanza. Umri ambao mtoto anaianza safari hiyo huamua kwa kiasi kikubwa atakavyotembea akiwa mtu mzima.