Mwanga Uliolala Ndani ya Jiwe

Nilipotea, nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nimerudi na deni. Kijana mmoja wa kidato cha nne aliniuliza, "Mwalimu, mwanga unaweza kusimamishwa, ukahifadhiwa, halafu ukatolewa tena?" Nikajibu hapo hapo: haiwezekani. Darasa likacheka, kijana wa watu akakaa kimya.

Jamani, nilimdanganya. Nimeshinda maktaba siku mbili, na kumbe habari yenyewe ni ya zamani.

Mwaka 1950 huko Illinois, Marekani, Erwin Hahn aligundua mwangwi wa spini. Fikiria wakimbiaji wanaoanza pamoja. Baada ya muda wametawanyika, ukiwaangalia unaona fujo tupu. Piga filimbi, wote wageuke. Aliyekuwa mbele sasa ana safari ndefu zaidi, lakini ndiye mwenye mbio, kwa hiyo wanafika mstarini wote kwa pamoja! Yaani ile fujo ilikuwa imetunza kumbukumbu. Hahn alifanya hivyo kwa viini vya atomi. Mwaka 1964 Kurnit, Abella na Hartmann wa Columbia wakafanya kwa mwanga, ndani ya yakuti nyekundu.

Sasa utaniuliza, kwa nini wasinakili tu kama tunavyonakili nyimbo? Hapo ndipo penye utamu. Mwaka 1982 Wootters na Zurek, na Dieks kwa upande wake, walionyesha kwamba hali ya kwantamu isiyojulikana hainakiliki. Ukiipoteza, basi. Na mwanga hupotea njiani kwenye nyaya za kioo, kwa hiyo unahitajika mahali pa kuitunza hali yenyewe, siyo nakala yake.

Mwaka 2005 Longdell na wenzake huko Australia walihifadhi mwanga zaidi ya sekunde 1 katika kristali yenye atomi za prasiodimiamu. Mwaka 2010 hapo hapo Australia wakaweza kurudisha asilimia 69 ya mwanga ulioingia. Mwaka 2011 Geneva na Calgary, kila mmoja kivyake, wakatunza fotoni iliyofungamana na mwenzake, ingawa kwa muda usiofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Mwaka 2015 mkatangaziwa saa 6! Ila tusidanganyane tena, hizo saa 6 zilikuwa za viini vya europiamu kutunza hali yao, mwanga haukuingizwa. Mwanga wenyewe ulifikisha saa 1 mwaka 2021, Hefei, China, na ulikuwa wa leza, siyo fotoni moja moja. Kristali inapozwa hadi karibu nyuzi -271, maana ikipata joto tu atomi zinatikisika na kumbukumbu inafutika.

Kijana nimemwandikia barua kupitia mwalimu wake wa fizikia. Nimekiri kosa, nikamchorea wale wakimbiaji na filimbi. Nimemwomba awasomee na wale waliomcheka. Bado hajajibu.