Siku Ishirini za Kusubiri: Historia ya Samaki na Mboga Katika Maji Yaleyale

Anayetaka kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yaleyale nyuma ya nyumba yake kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei: pipa ni kiasi gani, pampu kiasi gani, vifaranga vya sato vinapatikana wapi. Historia ya kilimo hiki, akwaponiki kama kinavyoitwa siku hizi, haikuanzia huko. Ilianzia kwa watu ambao hawakuwa na samaki wala mboga. Walichotaka kujua ni namna maji machafu yanavyosafika yakipita ardhini.

Mwaka 1877 wanakemia wawili wa Ufaransa, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walijaza bomba refu kwa mchanga uliochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, kisha wakawa wanamimina maji taka kidogo kidogo juu yake. Kwa siku 20 hapakutokea kitu. Amonia iliyoingia juu ilitoka chini vilevile. Halafu, bila wao kubadilisha lolote, nitrati ikaanza kuonekana kwenye maji yanayotoka, na baada ya muda amonia haikuonekana tena. Wengi wakati ule waliamini kuwa jambo hilo ni kemia tupu, yaani oksijeni inakutana na amonia na kuigeuza. Lakini kama ni kemia tupu, kwa nini isubiri siku 20? Wawili hao wakapitisha mvuke wa klorofomu ndani ya bomba, na nitrati ikakoma. Walipoiondoa klorofomu na kutia maji yaliyosuuzia udongo, baada ya siku kadhaa nitrati ikarudi. Ndani ya mchanga ule kulikuwa na viumbe hai, na viumbe hao ndio waliokuwa wakifanya kazi.

Nalitaja jaribio hili kwanza kwa sababu naamini ndilo mzizi wa mambo yote yaliyofuata, na kwa sababu kila anayejenga mfumo wa nyumbani hulirudia, ajue asijue. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia mashavu yake. Ikizidi majini humuua yeye mwenyewe. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha huigeuza tena kuwa nitrati, chakula ambacho mchicha, saladi na nyanya hukipenda. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, mwanasayansi wa Urusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alieleza kuwa kazi hiyo ina hatua mbili, na kila hatua ina bakteria wake. Mfumo mpya hauna bakteria wa kutosha. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, uliotolewa mwaka 2014 kwa wakulima wadogo, unasema kuwajenga huchukua wiki tatu hadi tano. Anayemwaga vifaranga 100 kwenye tangi jipya siku ya pili atawazika kabla ya mwezi kwisha, hata kama pampu yake ni ghali namna gani.

Waandishi wengi wanaosimulia historia hii huanzia mbali zaidi. Hutaja chinampa za Waazteki, vitalu vilivyojengwa kwa tope la mifereji katika maziwa yaliyouzunguka mji wa Tenochtitlan, ambao leo ni Jiji la Mexico. Hutaja pia mashamba ya mpunga ya Qingtian, kusini mashariki mwa China, ambako wakulima wamefuga samaki katikati ya mpunga kwa zaidi ya miaka 1,200. Ni kweli kwamba hekima ni ileile: taka za kiumbe mmoja ni chakula cha mwingine. Lakini kwangu mimi hawa ni ndugu wa akwaponiki, si wazazi wake. Katika jaruba la mpunga, udongo wenyewe ndio makao ya bakteria, na hakuna mtu aliyelazimika kuwatafutia makao mengine. Tatizo lilizaliwa pale binadamu alipomtoa samaki bwawani akamtia kwenye tangi, akautoa mmea udongoni, kisha akataka maji yazunguke kati yao bila kumwagwa. Tangu siku hiyo swali limekuwa moja: bakteria wakae wapi?

Swali hilo lilianza kuulizwa kwa dhati katika miaka ya 1970. Huko Cape Cod, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wanabiolojia John Todd na William McLarney pamoja na Nancy Jack Todd walikuwa wameanzisha New Alchemy Institute mwaka 1969, wakitafuta namna familia inavyoweza kujilisha bila kutegemea mafuta ya petroli. Walifuga perege kwenye mapipa marefu yanayopitisha mwanga wa jua, wakayatumia maji yake kumwagilia mboga. Mapipa hayo yaliyojaa maji yalihifadhi joto la mchana na kukikinga kitalu-nyumba cha mimea dhidi ya baridi kali ya usiku. Mjini Hamburg, Ujerumani, Ludwig Naegel alichapisha mwaka 1977 matokeo ya jaribio lake la kuzungusha maji yaleyale kati ya perege na samaki aina ya carp kwa upande mmoja, na saladi na nyanya kwa upande wa pili. Ilionekana kwamba inawezekana. Bado haikuonekana kwamba mtu wa kawaida angeimudu.

Ngoja nimzungumzie kidogo huyo perege, ambaye sato ni wa jamii yake, maana yeye ndiye wa kwetu katika hadithi hii. Kwenye kaburi la Nebamun huko Thebes, Misri, lililochorwa takriban mwaka 1350 kabla ya Kristo, kuna picha ya bwawa la bustani lenye perege wanaoogelea kati ya mayungiyungi. Ni samaki wa maji ya Afrika, kuanzia Nile hadi mito inayoingia Bahari ya Hindi. Huvumilia maji yenye oksijeni kidogo, hula karibu kila kitu, na huzaana mapema. Tanganyika, majaribio ya kumfuga yalianza mwaka 1949 huko Korogwe, Tanga, na Malya, Mwanza. Kwa hiyo mtafiti wa Hamburg au wa Marekani alipotafuta samaki atakayestahimili tangi dogo, alimchagua samaki ambaye mama lishe wa Mwanza humkaanga kila siku.

Jibu la kwanza lililoeleweka kuhusu makao ya bakteria lilikuwa mchanga. Katika miaka ya 1980, Mark McMurtry wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina alivuta maji kutoka chini ya tangi la perege, pale kinyesi kinapotuama, akayamwaga kwenye matuta ya mchanga yaliyopandwa nyanya na matango. Maji yalichujika na kurudi kwa samaki. Tuta moja lilifanya kazi tatu: lilishika mmea, likachuja uchafu, na likawahifadhi bakteria, ambao hupata nafasi kubwa ajabu juu ya chembe ndogondogo za mchanga. Uzuri wa mpango huu ni kwamba ulihitaji vifaa vichache sana, na McMurtry aliufikiria kwa ajili ya nchi zenye ukame. Ugumu wake ni kwamba mchanga usipochaguliwa vizuri huziba.

Jibu la pili lilitoka kwa wakulima wenyewe. Tom na Paula Speraneo wa West Plains, Missouri, waliuchukua mpango wa mchanga mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaubadilisha: mahali pa mchanga wakaweka kokoto, na wakawa wanakijaza kitanda maji kisha kuyaacha yashuke yote, tena na tena. Kila maji yanaposhuka, hewa huvutwa ndani ya kokoto, na bakteria pamoja na mizizi hupata oksijeni. Waliandika mwongozo na kuuza, na kwa mwongozo huo akwaponiki ikatoka vyuoni na kuingia uani. Ukiona leo pipa la bluu lililopasuliwa kwa urefu, limejaa kokoto na kusimamishwa juu ya tangi la samaki, unauona ukoo wa shamba lile.

Jibu la tatu ndilo lililoleta hesabu. James Rakocy alifika mwaka 1980 katika chuo cha Visiwa vya Virgin, kwenye kisiwa cha St. Croix katika Karibi, mahali penye uhaba wa maji baridi na chakula kingi kinacholetwa kwa meli. Yeye alipanda mboga kwenye vipande vya stairofomu vinavyoelea, mizizi ikining'inia ndani ya maji. Hapa hapana kokoto, kwa hiyo uchafu mzito ilibidi uondolewe kwanza kwenye matangi yenye kitako cha mchongoko. Mfumo wake mkubwa ulikuwa na matangi manne ya samaki, kila moja la lita 7,800, yaliyovunwa kwa zamu ili tangi moja liwe tayari kila baada ya wiki sita.

Kilichobaki kwangu kutoka kwa Rakocy si stairofomu bali kipimo. Aligundua kwamba cha kuhesabu kwanza ni chakula kinachotiwa majini kila siku, si idadi ya samaki. Kwa mfumo wake alipendekeza gramu 60 hadi 100 za chakula kwa kila mita ya mraba ya mboga. Mwongozo wa FAO unashuka hadi gramu 40 hadi 50 kwa mboga za majani katika mifumo midogo. Chukua kitanda cha mita mbili za mraba cha mchicha: kinahitaji gramu 80 hadi 100 kwa siku. Samaki wanaokaribia kuvunwa hula asilimia moja hadi mbili ya uzito wao, kwa hiyo kilo 4 hadi 10 za sato zinatosha, na lita 500 za maji zinawatosha wao. Hesabu hii fupi ingewaepusha wengi na tangi lililojaa samaki kupita kiasi na mboga chache zisizoweza kuwahudumia.

Katika miaka ya 2000 ukame mrefu uliifanya Australia kuwa nchi ya akwaponiki za uani. Perege amepigwa marufuku huko kama samaki mvamizi, wakafuga barramundi na samaki wengine wa kwao. Matangi ya plastiki ya lita 1,000 yaliyozungushiwa kizimba cha chuma yalikatwa sehemu mbili, chini samaki, juu mboga. Tangi hilohilo ndilo FAO waliloliweka katikati ya michoro ya mwongozo wao, baada ya kuupeleka mfumo juu ya mapaa ya nyumba za Gaza, ambako ardhi ya kulima ni haba.

Kwa msomaji wa pwani yetu, iwe Tanga, Unguja au Mombasa, makao ya bakteria yana mtego wake. Kokoto nyingi za huku ni za mawe ya matumbawe, na chokaa yake hupandisha alkali ya maji. Alkali ikipanda, mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma: majani machanga huwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, na amonia nayo huzidi ukali kwa samaki. Dondoshea kokoto siki kabla hujanunua. Zikitoa povu, ziache kwa fundi ujenzi. Maji ya bomba yenye klorini nayo yaachwe wazi siku mbili, kwani klorini huwafanyia bakteria kile klorofomu ilichowafanyia mwaka 1877. Umeme ukikatika, samaki waliosongamana huanza kukosa hewa ndani ya saa chache. Wachache kwenye maji mengi hustahimili zaidi.

Na sayansi yenyewe bado inasonga. Kwa muda mrefu vitabu vilisema hatua ya pili, ya kugeuza nitriti kuwa nitrati, ni kazi ya bakteria wa jamii ya Nitrobacter. Mwaka 1998 timu ya Timothy Hovanec ilionyesha kwamba kwenye matangi ya samaki kazi hiyo hufanywa na jamii nyingine, Nitrospira. Mwishoni mwa mwaka 2015 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, na wenzao wa Vienna walitangaza kwamba wamewapata bakteria wanaofanya hatua zote mbili peke yao, jambo ambalo halikuwa limethibitishwa kwa miaka 125 tangu Winogradsky. Wale wa Nijmegen waliwatoa kwenye kichujio cha maji ya matangi ya kufugia samaki.